Kibali cha kuua kwa bahati mbaya

Mwaka 2015 ofisi moja ya serikali ya Marekani iliyoko Silver Spring, Maryland, iliiandikia ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo, iliyoko La Jolla, California, barua ya idhini. Kwa barua hiyo wanasayansi wa samaki wa La Jolla waliruhusiwa, kwa miaka 5, kujeruhi au kuua idadi ndogo ya pomboo, sili na simba-bahari, mradi iwe kwa bahati mbaya. Mwombaji na mtoa kibali wote ni watumishi wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, na mishahara yao inatoka mfuko mmoja.

Anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza hucheka. Tangu lini ajali ikaombewa ruhusa? Dereva wa daladala hapiti kituo cha polisi alfajiri kuomba kibali cha kugonga mbuzi. Nami nilicheka, kisha nikaketi kuisoma sheria inayozaa barua za namna hii, na kadiri nilivyosoma ndivyo kicheko kilivyopungua. Ndani yake limo jambo ambalo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na makatazo yetu makali, bado hatujalitatua: namna ya kumfanya mtu aseme alichokinasa.

Sheria ya Kulinda Mamalia wa Baharini ilitiwa saini na Rais Richard Nixon Oktoba 1972. Inakataza kuwinda, kukamata, kuua au kusumbua nyangumi, pomboo, sili, simba-bahari, nguva na wenzao, na hata kujaribu kufanya hivyo. Kusema hukukusudia hakukuokoi. Umetega wavu kwa ajili ya dagaa ukamnasa pomboo? Mbele ya sheria hiyo umemkamata, basi.

Ukali huo ulikuwa na chimbuko lake. Katika ukanda wa joto wa Pasifiki ya mashariki, jodari wenye mapezi ya njano wana tabia ya kuogelea chini ya makundi ya pomboo. Mabaharia walijua kwamba penye pomboo jodari hawako mbali, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wakawa wanawafukuza pomboo kwa boti za kasi, wanawazungushia wavu mkubwa na kuvuta wote pamoja. Jodari walikwenda kiwandani, pomboo waliokufa wakatupwa. Katika miaka ya 1960 walikufa mamia ya maelfu kila mwaka. Mmoja wa waliolifichua janga hilo ni William Perrin, aliyepanda meli za jodari akiwa bado mwanafunzi na kuandika alichokiona. Baadaye alifanya kazi miaka mingi La Jolla, katika kituo kilekile kilichokuja kupewa barua ya 2015. Kwa maneno mengine, maabara iliyoufungua macho ulimwengu kuhusu pomboo wanaofia katika nyavu za wengine ilifika siku ikalazimika kuwahesabu wanaofia katika nyavu zake.

Wanafikaje humo? Kituo cha La Jolla ndicho kinachokadiria wingi wa sadini na dagaa wengine wa mkondo wa California, ili serikali ijue wavuvi waruhusiwe tani ngapi. Mchana dagaa hao hujikusanya mafungu mazito. Giza likiingia hupanda juu na kutawanyika. Kwa hiyo meli ya utafiti, mara nyingi ile iitwayo Reuben Lasker yenye makao yake San Diego, hupima mafungu kwa mitambo ya mwangwi mchana, na usiku hukokota wavu karibu na uso wa maji ili kujua ni dagaa wa aina gani, wa ukubwa gani na wa umri gani. Sasa pomboo naye usiku anakula nini? Dagaa walewale, mahali palepale. Kadiri mtafiti anavyolenga vizuri mahali penye samaki ndivyo anavyozidi kumkaribia mnyama asiyemtaka. Waliokuwa wakinaswa zaidi huko ni pomboo wa Pasifiki mwenye ubavu mweupe na simba-bahari wa California. Huyu wa pili wala hapotei njia: amejifunza kwamba wavu ni chakula kilichokwisha kukusanywa, akaufuata kwa hiari yake, akashindwa kutoka. Wote wawili wanavuta hewa kama sisi. Mnyama aliyekwama katika mfuko wa wavu unaokokotwa hana muda mrefu.

Mtu wa haki atauliza: kelele zote hizi za nini? Meli ya utafiti hushusha wavu kwa takriban nusu saa, inachukua sampuli, inaondoka. Meli za biashara zinakokota usiku kucha, mwaka mzima. Ni kweli, na hapa sheria ina kituko chake. Wavuvi wa biashara walitengewa sehemu yao katika marekebisho ya 1994: shughuli zao hupangwa katika madaraja matatu kulingana na ukubwa wa madhara, wa madaraja mawili ya juu hujiandikisha na hupokea waangalizi wakitakiwa, na yeyote akijeruhi au kuua mnyama anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48 baada ya safari kwisha. Mtafiti hauzi samaki, hivyo mlango huo si wake. Ilimbidi apite mlango mwingine, ule uliofunguliwa mwaka 1981 kwa ajili ya watu wa mafuta, wajenzi wa bandari na wengineo wanaofanya kazi halali baharini na kuwagusa mamalia bila kukusudia. Kwa muda mrefu hakuupita. Kati ya sheria ya 1972 na kanuni za 2015 zilizozaa barua ya kituo cha La Jolla ilipita miaka 43, na katika muda huo serikali iliwadai wavuvi hesabu ambayo vyombo vyake yenyewe havikuwa na utaratibu kamili wa kuitoa. Sidhani kulikuwa na hila. Mtu anayeona kazi yake ni njema huwa wa mwisho kukumbuka kwamba nayo ina madhara.

Mlango huo wa 1981 una masharti ambayo, yakisomwa taratibu, yanaonyesha akili ya waliotunga. Idadi ya wanyama iwe ndogo. Athari kwa kundi zima iwe hafifu. Eneo litajwe. Na mwombaji atumie kila njia inayowezekana kupunguza madhara hadi kiwango cha chini kabisa kinachotekelezeka. Kituo cha La Jolla kiliomba kwa maeneo matatu: mkondo wa California, ukanda wa joto wa Pasifiki ya mashariki, na Antaktika.

Kanuni za 2015 zikaingia hadi sitahani. Kabla ya kushusha wavu, watu wasimame na kuangalia bahari kwa angalau dakika 30, kwa macho na kwa darubini. Akionekana mnyama mmoja tu ndani ya maili moja ya bahari kutoka mahali palipokusudiwa, yaani chini kidogo ya kilomita 2, meli ihame. Wavu ukokotwe muda mfupi. Vifungwe vyombo vidogo vya kutoa mlio wa kuwatahadharisha pomboo. Na wavu wenyewe, ule mkubwa uitwao Nordic 264, uwe na kiunzi cha nondo kilichokaa mshazari ndani yake: dagaa wanapenya katikati ya nondo, mnyama mkubwa anazuiwa na kusukumwa kwenye tundu la kutokea. Wanaojua meli za kambamiti wataona ndugu wa kile kifaa cha kuokoa kasa.

Kuna kifungu kimoja kuhusu usiku ambacho kilinifanya nitabasamu. Waangalizi walitakiwa watumie macho yao na taa zilizopo melini. Maili moja ya bahari, gizani, kwa taa za melini! Aliyewahi kukaa katika chombo usiku usio na mwezi anajua ataona nini. Waandishi wa kanuni nao walilijua hilo, ndiyo maana hawakuitegemea hatua moja. Jicho likikosa, mlio usaidie, na mlio ukishindwa, tundu liwepo.

Swali linalokuja haraka ni hili: kama kiunzi kinaokoa, mbona kisifungwe katika kila wavu tangu zamani? Hapo ndipo kazi ya utafiti inapoachana na uvuvi. Mvuvi akibadilisha wavu anapoteza kilo kadhaa, ataomboleza, kisha atazoea. Mtafiti akibadilisha wavu anaweza kupoteza miaka. Thamani ya kipimo chake iko katika kufanana: wavu uleule, kasi ileile, muda uleule, ili samaki wakipungua mwaka huu ajue ni bahari iliyopungukiwa. Weka nondo ndani ya wavu, na labda samaki wakubwa wanageuka, labda mwani unaziba, labda wavu unabadilika umbo. Mwaka huo hesabu ikishuka, nani atasema ni samaki au ni nondo? Kwa hiyo kila kifaa cha kuokoa wanyama lazima kwanza kijaribiwe ubavuni mwa wavu wa zamani, safari kwa safari, hadi tofauti ijulikane. Kwa Nordic 264 kazi hiyo ilifanyika, na kiunzi kikawa sharti. Kwa wavu mwingine wa kituo hichohicho, ule wa kukamata makinda ya samaki wa miambani, kanuni zilipotoka jambo bado lilikuwa linachunguzwa.

Mimi naliheshimu pingamizi hilo, ila nalihofia pia. Ni rahisi mno kwa kila maabara kusema mfululizo wake wa takwimu ni mtakatifu. Ubora wa utaratibu wa kibali ni kwamba mtafiti halisemi hilo pembeni kwa mwenzake. Analiandika, linachapishwa, na watu wa nje wanaliuliza.

Idadi ndogo ni ngapi? Athari hafifu ni ipi? Marekebisho ya 1994 yaliwapa wanasayansi kanuni ya hesabu ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Chukua kundi la kubuni la pomboo ambalo kwa makadirio ya chini lina wanyama 10,000. Inachukuliwa kwamba jamii ya nyangumi na pomboo inaweza kuongezeka kwa asilimia 4 kwa mwaka ikiwa na nafasi. Kwa sili na simba-bahari ni asilimia 12. Twaa nusu ya hiyo 4, unapata 2. Asilimia 2 ya 10,000 ni 200. Kisha zidisha kwa namba ya tahadhari, isiyopungua 0.1 wala kuzidi 1, na kwa kundi ambalo hali yake haijulikani mara nyingi hutumika 0.5. Zinabaki 100. Hao ndio wanyama ambao binadamu wote kwa jumla, wenye meli za biashara, wenye bandari, watafiti na wengine, wanaweza kuwatoa katika kundi hilo kwa mwaka na bado likadumu katika hali nzuri au likarejea.

Ninachokipenda katika hesabu hiyo ni yale makadirio ya chini. Kama hukuhesabu vizuri, unapewa namba ya chini, na namba ya chini inakupa nafasi ndogo ya kufanya kazi. Ujinga unamgharimu anayeutumia. Katika sehemu nyingi za dunia mambo ni kinyume: kutojua ndiko kunakompa mtu uhuru wa kuendelea.

Barua hizo zinahesabu pia usumbufu usiotoa damu. Mitambo ya mwangwi inayopima samaki hutoa sauti, na baadhi ya sauti hizo pomboo wanazisikia vizuri kabisa. Huko Antaktika sili aliyelala juu ya barafu anaweza kushtuka meli ikipita. Hayo yana daraja lake katika sheria na makadirio yake katika barua. Ni sehemu ndefu, yenye majedwali mengi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara madogo kuliko zote.

Kati ya watafiti waliopewa idhini za namna hii, wa Texas ndio wanaotugusa zaidi. Idara ya mbuga na wanyamapori ya jimbo hilo la Marekani imekuwa ikipima samaki wa ghuba zake kwa miongo kadhaa kwa kutumia nyavu za kutega, msimu wa kuchipua na msimu wa majani kupukutika. Wavu unawekwa jioni, unalala, unatolewa asubuhi. Hakuna meli kubwa, hakuna mwangalizi usiku kucha. Ni jarife, kwa jina lingine. Pomboo wa ghubani wanaishi humohumo, katika makundi madogo, na kwa kundi dogo kifo cha mmoja si kitu cha kufumbia macho. Kanuni zilizotoka mwaka 2020 kwa ajili ya kituo cha sayansi cha NOAA cha kusini-mashariki ziliijumuisha idara hiyo. Hatua zake zilikuwa za watu wanaoujua wavu: kuacha sehemu ambazo pomboo wameshanaswa zaidi ya mara moja, na kuupunguza ule uwazi baina ya wavu na kamba ya maboya ambao mnyama huweza kujitatiza nao. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyeandika ni wapi pomboo alinaswa mwaka juzi.

Turudi kwenye barua iliyotuchekesha. Waswahili wanasema kinyozi hajinyoi, na hapa kinyozi ameshika wembe na kioo. Ofisi ya Silver Spring inaweza kuwa kali kiasi gani kwa wenzake wa La Jolla? Wakosoaji wameliuliza hilo, na wakauliza pia kama yale maneno ya idadi ndogo na athari hafifu hayanyooshwi kama mpira. Majibu yaliyomo katika sheria ni mawili. Kwanza, rasimu ya kanuni lazima ichapishwe katika gazeti la serikali na umma upewe nafasi ya kutoa maoni, na shirika lijibu maoni hayo kwa maandishi. Pili, sheria ileile ya 1972 iliunda Tume ya Mamalia wa Baharini, chombo huru kisicho chini ya NOAA. Tume ikitoa pendekezo na shirika likalikataa, shirika linatakiwa kueleza sababu kwa kina ndani ya siku 120. Tume haina rungu. Ina haki ya kujibiwa tu, na nimeanza kuamini kwamba katika shughuli za serikali haki hiyo si ndogo.

Barua yenyewe nayo iliagiza: akifa mnyama katika wavu wa utafiti, taarifa iingizwe katika mfumo wa shirika ndani ya saa 48. Likitokea lile lisiloruhusiwa na barua, kazi isimame kwanza.

Sasa tazama kwetu. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuvua nguva, pomboo, nyangumi na kasa. Ni katazo zuri, na lilikuwa na sababu: Zanzibar kulikuwa na wakati nyama ya pomboo ilitumika kama chambo cha papa, kabla Kizimkazi haijagundua kwamba pomboo aliye hai analeta wageni. Lakini jarife linalotegwa usiku halisomi kanuni. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, miongoni mwao Omar Amir na Narriman Jiddawi, wameonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba pomboo wanaendelea kufia katika nyavu hizo, zinazoelea na za chini, na hao ni wale wanaojulikana tu. Mvuvi aliyemkuta pomboo amekufa wavuni alfajiri ana njia mbili. Akimleta diko, analeta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Akimtosa, hakuna aliyeona. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Katazo lisilo na mlango wa ajali linamfundisha mtu mwaminifu kunyamaza, kisha sisi tunaandika ripoti kwamba matukio ni machache.

Simaanishi kila jarife lipewe barua ya idhini kutoka Dodoma au Nairobi. Namaanisha kuwe na namna ya mvuvi kusema nimenasa bila kupelekwa mahakamani, mradi hakukusudia, hakuuza na hakuficha. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vipo Kenya na Tanzania, na vina watu wanaoandika samaki walioshushwa. Safu moja zaidi katika daftari haitavunja bajeti.

Shinikizo lenyewe linakuja na sura ya biashara. Mwaka 2016 Marekani ilitoa kanuni kwamba samaki wanaoingia nchini humo watoke katika uvuvi unaowalinda mamalia wa baharini kwa kiwango kinacholingana na chake. Utekelezaji uliahirishwa mara kadhaa, mwisho ukawekwa Januari 1, 2026. Nchi inayotaka kuuza inaulizwa ina utaratibu gani wa kusajili vyombo, kufuatilia vifo na kuvipunguza. Unaweza kuuona huo ubabe wa mnunuzi mkubwa, nami sitabisha sana. Lakini safari hii angalau mwenye kudai hesabu amekwisha kuwapa masharti hata wanasayansi wake.

Na hapo ndipo ningeanzia kama ningekuwa na sauti wizarani. Meli ya Norway na FAO, Dr. Fridtjof Nansen, imekuwa ikifika katika maji yetu kukokota nyavu za utafiti kwa vipindi tofauti tangu miongo minne na zaidi iliyopita. Kenya ina RV Mtafiti, iliyotoka Ubelgiji, chini ya taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Mombasa. Tanzania ina TAFIRI, taasisi yake ya utafiti wa uvuvi. Vyombo vya namna hii vina wanasayansi, vina daftari, na mabaharia wake wanalipwa mshahara hata wavu ukitoka mtupu. Hakuna anayelala njaa kwa sababu kituo kimehamishwa maili moja. Kanuni ya kuangalia bahari kwa nusu saa na kutangaza hadharani kila mnyama aliyenaswa, hata kama jibu la mwaka mzima ni sifuri, inaweza kuandikwa katika masharti ya kila safari ya utafiti bila kusubiri bunge. Mvuvi wa Nungwi au wa Shimoni atakapoombwa kutoa hesabu yake, atauliza kwanza serikali imetoa ya kwake wapi.